Ukumbusho Ukutani: Historia ya Picha na Kadre Zake katika Kamalondo na Mji wa Lubumbashi



Jubile ni wakati wa kukumbuka. Tunahesabu miaka, tunataja majina ya waliotutangulia, tunafungua masanduku na kutoa picha za zamani kusudi watoto wazione. Na mara nyingi, picha tunapoitoa, tunaikuta imeliwa na mchwa pembeni, au imeshikamana na kioo, na uso wa mzee tunayemtafuta umekwisha kufutika. Ndipo tunapotambua ya kuwa kukumbuka kunahitaji pia kazi ya mikono: kazi ya mbao na misumari, ya kioo na kitambaa.

Katika kurasa hizi twataka kueleza historia ya kazi hiyo katika mji wetu. Lubumbashi imezaa wachoraji ambao picha zao zinatunzwa leo katika majumba makubwa ya Ulaya, ndani ya vyumba vyenye ubaridi na ukavu uliopimwa. Lakini nyumba nyingi za sité, ambamo picha za namna hiyo zilitundikwa mara ya kwanza, zimebaki na ukuta mtupu. Imekuwaje hivyo? Na sisi tulio hapa tufanye nini kusudi zilizobaki zisipotee? Maswali hayo mawili yatatuongoza.

1. UKUTA WA UDONGO NA KARATASI YA BUKAMA

Mbele ya kadre palikuwa ukuta. Katika vijiji vya Katanga na vya Kasai, watu walijua kupamba nyumba ya udongo kwa udongo mweupe, kwa udongo mwekundu na kwa weusi wa makaa. Michoro ile haikufanywa kusudi idumu. Mvua ilipoifuta, mwenye nyumba alisiriba tena, akachora tena. Uzima wa picha ulikuwa katika mkono wa mtu, na mkono ule ulipochoka, mkono wa mtoto wake uliendelea.

Njia ya reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama, kando ya mto Lualaba, mwaka 1918. Huko, mwaka 1926, mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, aliona nyumba zilizochorwa, akamjua mchoraji wake: Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Akitaka michoro ile isipotee pamoja na mvua, Thiry alimpa karatasi na rangi za maji. Lubaki alichora, na mke wake Antoinette alichora vilevile. Karatasi zile zilipelekwa Ubelgiji kwa Gaston-Denys Périer, aliyekuwa mwandishi na mtumishi wa wizara ya makoloni, zikaonyeshwa Bruxelles mwaka 1929 na Genève mwaka 1930.

Tuliangalie vizuri tendo lile, kwani linatabiri mambo yote yaliyofuata. Siku picha ilipotoka ukutani na kuingia katika karatasi, ilipata nguvu mbili: nguvu ya kusafiri na nguvu ya kudumu. Lakini siku ileile ilianza kuhitaji mlinzi. Mchoro wa ukutani ulimtegemea mwenye nyumba. Karatasi ilimtegemea yule aliye na sanduku kavu, na kabati, na kioo. Naye alikuwa mbali. Picha za Lubaki zilikaa Ulaya, na mwaka 2015 watu wa Paris walizitazama tena katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyofanywa na Fondation Cartier. Lubaki mwenyewe alikuwa ametoweka katika maandiko tangu zamani. Karatasi zilitunzwa kuliko habari za aliyezichora.

2. KADRE ILITOKA WAPI

Neno kadre tumelipokea kutoka kifaransa, na mzizi wake wa kilatini ni neno la kutaja mraba. Kitu chenyewe kina historia ndefu ndani ya Kanisa. Katika Ulaya ya karne ya 12 na ya 13, mara nyingi kadre haikutengwa na picha. Fundi alichukua ubao mnene, akauchimba katikati kidogo, akaacha kingo zikiinuka pande zote nne. Au tena alipigilia kingo zile juu ya ubao mbele ya kuanza kuchora. Kiisha alipaka ubao mchanganyiko wa chokaa na gundi, na juu yake akachora Bikira Maria au mtakatifu wa altare ile. Kingo zilikinga rangi isikwanguliwe, zikasaidia kuuzuia ubao usipindike. Baadaye, picha zilipotoka kanisani na kuingia nyumbani mwa watu, ndipo kadre ilipoanza kuwa kitu cha peke yake, kinachoweza kuvuliwa na kuvikwa.

Huku Katanga kadre ilikuja pamoja na reli na misioni. Mji ulianzishwa mwaka 1910. Mwaka uleule walifika Wabenedikto, na mkubwa wao Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la Katanga hata kufa kwake mwaka 1958. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka 1911. Pamoja nao zilikuja picha za chapa za karatasi: Moyo Mtakatifu wa Yezu, Bikira Maria, Papa, na vituo 14 vya Njia ya Msalaba. Zilihitaji mbao na vioo, na mbao zilihitaji mafundi. Katika shule za kazi za mikono, vijana walijifunza useremala, yaani kupima, kupiga randa na kuunganisha mbao.

Mtu asiyejua anafikiri kadre ni kazi ndogo kuliko mlango. Seremala anajua kwamba sivyo. Mbao nne zinakatwa ncha zake kwa nyuzi 45, na kila mbili zinazotazamana lazima ziwe sawasawa kwa urefu. Zikipishana milimita mbili tu, pembe ya mwisho inakataa kufunga. Ndani ya ubao unachongwa mfuo mdogo, ambamo kioo, picha na ubao wa nyuma vinalala pamoja. Mfuo ukiwa mfupi mno, fundi atalazimisha kwa misumari, na kioo kitapasuka siku moja ya joto.

Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati wa ukoloni, ndiyo sité ya zamani kuliko Kenya, Katuba na Ruashi. Hapa watumikaji waliotoka pande nyingi, wa reli, wa viwanda na wa nyumba za wazungu, walijenga maisha mapya ya mji. Wakajifunza desturi hii: kitu kilichofungwa katika kadre ni kitu cha heshima. Picha ya ndoa, picha ya mtoto siku ya komunio ya kwanza, cheti cha masomo, sura ya marehemu baba. Katika lupango, vitu vingi viliazimwa na kuhamishwa: kiti, sufuria, babula. Picha ya kadre haikuazimwa. Ilikuwa kama mmoja wa watu wa nyumba.

3. HANGAR NA WACHORAJI WAKE

Mwaka 1946 mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la majini, alifungua Elisabethville karakana ya wachoraji, ikajulikana kwa jina la Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwaambia watazame majani, maji, ndege na nyama wa porini, na kila mmoja atafute njia yake. Bela, aliyekuwa akimtumikia, alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari mifupi iliyolala pamoja, kama nyuzi za mkeka. Pilipili Mulongoy alichora samaki, nyoka na ndege juu ya viota vyao, kwa subira ya ajabu.

Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha katika mji huu shule ya sanaa, nayo ni mama wa Institut des Beaux-Arts ya leo. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, wachoraji wa Hangar waliingia katika shule ile, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu. Mwenze aliishi hata mwaka 1999, Pilipili hata mwaka 2007.

Picha za Hangar zilipendwa sana na wazungu wa mji ule na wageni waliopita. Zilinunuliwa, zikawekwa katika kadre nzuri zenye kioo, na wenyewe waliporudi Ulaya, zilifungwa masandukuni pamoja na mali nyingine. Kwa hiyo zilitunzwa vizuri. Lakini mkaaji wa Kamalondo aliyesikia sifa za Pilipili hakuwa na picha yake nyumbani. Picha zilizoingia katika saloni zetu zilikuwa za namna nyingine, na habari yake ndiyo inayotugusa zaidi.

4. SALONI NA NENO UKUMBUSHO

Nyuma ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, na zaidi tangu mwisho wa miaka ile ya 1960, walitokea katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wachoraji wasiopita katika shule ya sanaa. Turubai ya dukani ilikuwa na bei kali. Basi walichukua kitambaa cha mfuko wa unga, wakakinyosha juu ya vijiti vinne, wakakipaka rangi nyeupe, na juu yake wakachora. Walitembea na kazi zao nyumba kwa nyumba. Wanunuzi hawakuwa wageni tena. Walikuwa watumikaji, walimu, makarani, wafanya biashara ndogo: watu wa sité.

Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi kati ya mwaka 1972 na 1974, pamoja na Ilona Szombati-Fabian, walichunguza picha zile, wakaandika juu yake mwaka 1976. Walisikiliza namna watu wenyewe walivyozipanga, kwa kiswahili chetu cha hapa: kulikuwa *bintu bya bankambo*, yaani mambo ya wazee wa kwanza, *bintu bya zamani*, mambo ya wakati wa wazungu na wa vita vilivyofuata uhuru, na *bintu bya sasa*, mambo ya maisha ya kila siku. Juu ya picha zote lilikaa neno moja: *ukumbusho*.

Tulipime neno hili. Kukumbuka ni kazi ambayo mtu aweza kuifanya peke yake, usiku, bila kusema na mwenzake. Kukumbusha kunahitaji watu wawili, yule anayejua na yule asiyejua au aliyesahau. Kwa hiyo picha ya ukumbusho haikununuliwa kuwa pambo tu. Ilitundikwa saloni kusudi mgeni aulize, na mwenye nyumba apate kueleza, na watoto waliokaa chini wasikie.

Picha iliyoitwa *Colonie belge* ndiyo mfano mkubwa. Ndani ya uwanja wa gereza, mfungwa mwenye nguo za mistari amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo, mzungu anasimama akitazama, bendera iko juu ya mlingoti, na pembeni wanawake wamekuja kuona watu wao. Baba aliyekuwa hawezi kusimulia fedheha ile kwa maneno matupu aliweza kuielekeza kwa kidole. Na *Mamba muntu*, mwanamke nusu samaki mwenye nywele ndefu, ambaye watu walisimulia kwamba anatoa utajiri na kudai malipo yake, ilikuwa pia neno juu ya mji huu wa shaba, ambamo mtu aweza kutajirika upesi na kupotea upesi. Mara nyingine picha hizo zilikaa ukuta mmoja na msalaba na picha za watakatifu, na wenye nyumba walijua vema tofauti yake.

5. TSHIBUMBA KANDA-MATULU

Katika wachoraji wale mmoja alifikiri mbali zaidi. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Alichora na kuuza kama wenzake, lakini alijiita mwanahistoria, akatamani kuchora historia nzima ya nchi, tangu zamani za wafalme hata siku zake, katika picha zinazofuatana. Kati ya mwaka 1973 na 1974 aliifanya kazi hiyo: picha kama 100, alizomletea Fabian, akizieleza moja moja, naye Fabian aliyaandika maelezo yake. Mwaka 1996 kitabu kilitoka chenye picha 101 pamoja na maneno ya mchoraji.

Msomaji mkristu atasimama mbele ya picha moja kati ya zile. Inaonyesha kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961. Nyuma ya maiti, mbali upeoni, Tshibumba aliweka misalaba mitatu. Alieleza mwenyewe ya kuwa kwake yeye Lumumba alikufa kwa ajili ya watu wake kwa mfano wa Bwana Yezu. Mtu aweza kukubali au kukataa mfano huo. Lakini hawezi kukana kwamba mchoraji yule alikuwa ameitazama Njia ya Msalaba kwa makini, akajifunza humo namna picha zinazofuatana zinavyobeba historia yenye maumivu.

Picha zile zinatunzwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Tropenmuseum. Habari za Tshibumba mwenyewe zilikatika kama mwaka 1981. Tazameni jinsi jambo la Lubaki lilivyorudi, miaka 50 baadaye. Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Za Tshibumba zilitunzwa pamoja, kwa mpangilio wake na kwa maneno yake. Kama angaliuza kila moja kwa nyumba yake, mfululizo ungalivunjika, na leo picha ya mlima au ya gari-moshi ingalikuwa picha ya mlima au ya gari-moshi tu. Hapo tunapata fundisho la kwanza la utunzaji: picha isiyo na jina wala maelezo imekwisha kupotea nusu, hata ikiwa rangi zake zangali zinang'aa.

6. KUTA ZILIVYOBAKI TUPU

Kwa nini basi picha nyingi za sité zilipotea? Sababu ni tatu.

Ya kwanza iko katika kitu chenyewe. Mfuko wa unga haukufumwa kubeba picha miaka 50, wala rangi ya bei nafuu haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Ya pili ni umaskini. Miaka ya 1980 maisha yalizidi kuwa magumu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gécamines, iliyowalisha watu wengi wa mkoa huu, ilianguka. Mtu anayetafuta unga wa siku hanunui picha, wala hamwiti seremala kubadili kadre iliyooza.

Ya tatu ni uchungu tunaousema kwa sauti ya chini. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika miji ya Katanga. Watu walingoja treni katika vituo siku nyingi, na wengi walikufa katika kungoja na katika safari. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo wachoraji na wanunuzi wa picha, majirani, waimbaji wa kwaya, wazazi wa ubatizo. Anayekimbia na mtoto mgongoni hang'oi kadre ukutani. Ukumbusho unaachwa katika nyumba iliyo mikononi mwa mwingine, mbele ya macho yasiyojua maelezo yake.

Wakati huohuo, wachunguzi walikuwa wakikusanya. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, aliyefundisha pia Lubumbashi, alikusanya picha za namna hii miaka mingi. Mkusanyo wake, karibu picha 2,000, uliingia mwaka 2013 katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Sehemu yake ilionyeshwa Bruxelles mwaka 2016, na mmoja wa walioandaa maonyesho yale alikuwa mtoto wa mji huu, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978. Tusiwalaumu ovyo wale waliozipeleka mbali. Pasipo wao nyingi zisingalikuwako. Lakini tusijidanganye pia. Ukumbusho ulioko Tervuren unamkumbusha mtu wa Tervuren. Mtoto wa Kamalondo hapiti pale akitoka shuleni.

Katika mji wetu kazi ya kurudisha macho imeanza. Mwaka 2008 Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha chama kilichochukua jina la kiswahili, Picha, na maonyesho yanayojulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Hao wamefanya sehemu yao. Sehemu inayobaki ni ya kila nyumba na ya kila parokia.

7. ADUI ZA PICHA NA NJIA ZA KUIKINGA

Mji wetu uko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari. Tangu Novemba hata Machi mvua ni nyingi. Tangu Mei hata Septemba hakuna mvua, na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Kwenda na kurudi huku kati ya unyevu na ukavu ndiko kunakoua picha. Kitambaa na mbao vinavimba na kunywea kila mwaka. Rangi ikizeeka haiwezi kufuata mwendo huo, inapasuka, kiisha inadondoka vipande. Kwa hiyo picha isitundikwe juu ya ukuta unaolia maji wakati wa mvua. Chini ya kadre, upande wa nyuma, tubandike vipande viwili vidogo vya mbao au vya mpira, kusudi hewa ipite kati yake na ukuta. Hewa ile itakausha unyevu, na mchwa akipanda ukutani, njia yake itaonekana.

Kwa mbao za kadre, mulombwa wetu ni mwema kuliko mbao nyeupe laini. Moyo wake mwekundu unavumilia wadudu. Lakini mbao zozote, na zaidi kartoni ya kawaida, zina asidi. Fungueni kadre ya zamani: mara nyingi mtaona karatasi imegeuka rangi ya chai mahali ilipogusana na kartoni. Ni kama kuungua polepole bila moto. Dawa ni kuweka nyuma ya picha karatasi nzuri ya pamba isiyo na asidi; na kama haipatikani, karatasi nyeupe safi ibadilishwe kila baada ya miaka michache.

Kioo kinakinga vumbi na mikono, lakini kisiguse uso wa picha. Picha ya kamera iliyobanwa na kioo itashikamana nacho wakati wa unyevu, na hakuna atakayeibandua bila kuipasua. Fundi aweke kati yao ukingo wa karatasi nene yenye dirisha katikati, au vijiti vyembamba vilivyofichwa chini ya ukingo wa kadre. Na picha iliyokwisha kushikamana isivutwe: iachwe juu ya kioo chake, ipigwe picha nyingine ya kubaki.

Jua ni mwizi asiyerudisha. Rangi iliyopauka haitibiki. Picha isitazamane na dirisha la magharibi. Moshi wa babula na wa mishumaa unaacha mafuta meusi. Basi tutenge picha mbali na jiko, na kanisani mishumaa isiwashwe chini ya sanamu ya kuchorwa. Kuhusu picha za shaba iliyofuliwa, fahari ya mkoa wetu, tusizisugue kwa ndimu na mchanga kila sikukuu. Kila msuguo unaondoa shaba kidogo, na nyuso zilizofuliwa kwa nyundo zinalainika hata kutoweka. Kitambaa laini kikavu chatosha.

Picha ya kitambaa isioshwe kwa sabuni wala kupakwa verni na mtu asiyejua. Ikiwa haina vijiti tena, isikunjwe: izungushwe juu ya bomba nene, upande wenye rangi ukiwa nje, na karatasi safi juu yake. Watu wengi wanaficha rangi ndani, wakidhani wanaikinga. Kumbe ndani rangi inabanwa na kukatika. Gundi na skochi visiguse picha kamwe. Mafundi wa makumbusho wana sheria moja ambayo hata sisi twaweza kuishika: kila tunalolitenda leo, fundi wa kesho aweze kulifungua bila kuharibu.

8. WAJIBU WETU

Katika jubile hii, jambo la kwanza halihitaji franga. Kila nyumba iteremshe picha zake, iketi pamoja na wazee, na nyuma ya kila moja, juu ya karatasi itakayowekwa ndani ya kadre, iandikwe kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani, nani aliyechora au aliyepiga picha, na hadithi yake kwa mistari michache. Wazee wanaojua majina wanapungua kila mwaka, na hakuna makumbusho duniani yatakayoweza kuyapata majina hayo baada yao.

Parokia nayo ifungue daftari: kila picha, kila sanamu, kila kituo cha Njia ya Msalaba, vipimo vyake, hali yake, na jina la aliyeitoa kama latajwa. Maseremala wetu, wanaotutengenezea viti, milango na majeneza, waalikwe kufundisha vijana kazi ya kadre. Si kazi ya aibu, na mji wenye watu wengi kama huu hautakosa picha za ndoa na za ubatizo. Na yeyote aliye na picha ya mfuko wa unga, iliyoachwa nyumbani mwake na watu walioondoka, asiitupe na asiiuze upesi. Aitafutie maelezo. Pengine wenyewe wangali hai Mbuji-Mayi au Kananga, na barua moja tu yaweza kuwarudishia kile ambacho treni haikuwaruhusu kuchukua.

Watakaoisherehekea jubile ijayo wataingia katika nyumba hizi na kutazama kuta zetu. Tuwaachie kitu cha kuuliza, na maneno ya kuwajibu.

Jubile njema kwenu nyote.